Dizeli Mpya, Mazoea ya Zamani: Mwongozo wa Kutunza Kichujio cha Masizi

Madereva wengi wa Afrika Mashariki wameijulia dizeli kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ au Hiace yenye 5L. Injini hizo zilivumilia mengi: oili yoyote iliyoandikwa dizeli, themostati iliyong'olewa na kutupwa, kuachwa zikiunguruma kivulini saa nzima dereva akimsubiri bosi. Moshi mweusi ulitoka nyuma, na safari ikaendelea.

Dizeli inayoshuka bandarini siku hizi ni kitu kingine. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo karibu kila gari dogo la dizeli linaloingia huko kutoka Japani au Uingereza lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kile ambacho mafundi hukiita DPF. Mazda CX-5 ya lita 2.2 inacho. Prado na Hiace za lita 2.8 kutoka Japani zinacho. BMW, Volkswagen na Mercedes za dizeli za miaka ya karibuni zinacho. Tanzania na Uganda nako magari haya yanazidi kuongezeka barabarani.

Yale yale ambayo 1HZ iliyavumilia ndiyo yanayokiua kichujio hiki. Shika jambo moja kabla ya kuendelea: kichujio hakizibi bila sababu. Kikiziba, ama injini inatoa masizi kuliko kawaida, ama gari halipati nafasi ya kuyachoma, ama oili inayotumika siyo. Ukikisafisha bila kutafuta sababu, utarudi gereji kwa tatizo lile lile.

Kilikotokea

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, aliwatikisia waandishi wa habari chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli. Oktoba 2003, Tokyo pamoja na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango chao cha masizi. Ulaya, Peugeot 607 ya mwaka 2000 ndiyo iliyotangulia kuuzwa ikiwa na kichujio hiki, na sheria ya Euro 5, iliyoanza mwaka 2009, ikashusha kikomo cha masizi kwa magari madogo hadi miligramu 5 kwa kilomita. Chini ya Euro 4 kilikuwa 25. Kiwango hicho kipya hakifikiki bila kichujio.

Sababu ni mapafu. Chembe za masizi ni ndogo mno, hupita puani na kooni na kutua ndani kabisa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kinavyofanya kazi

Ndani ya kopo la chuma kuna kauri yenye mamia ya vijia vyembamba. Kila kijia kimezibwa upande mmoja, na jirani yake kimezibwa upande wa pili. Moshi unaoingia hulazimika kupenya ukutani ili utoke, na masizi hubaki ndani. Kichujio kizima hukamata zaidi ya asilimia 95 ya masizi kwa uzito.

Masizi hayo lazima yachomwe, la sivyo moshi utakosa njia. Ukiwa barabara kuu na ekzosi imepata joto la kutosha, sehemu ya masizi huungua taratibu bila wewe kujua. Hilo lisipotosha, kompyuta ya gari huingilia kati: hunyunyiza dizeli ya ziada baada ya mlipuko wa kawaida wa silinda, dizeli hiyo huungua kwenye kichocheo kilicho mbele ya kichujio, na joto hupanda hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Kazi hiyo huchukua kama dakika 10 hadi 25. Katika mwongozo huu nitaiita kujichoma. Baadhi ya injini za Toyota zina nozeli ya pekee kwenye ekzosi kwa kazi hiyo.

Kujichoma hakuondoi kila kitu. Ni kama jiko la mkaa: mkaa huungua ukaisha, lakini majivu hubaki mpaka mtu ayamwage. Majivu ya kichujio hutoka hasa kwenye oili ya injini, katika viambato vyake vya kalsiamu, zinki na magnesiamu. Hayaungui kwa joto lolote utakaloweza kulipata barabarani, na ndiyo yanayoamua umri wa kichujio. Kikitunzwa, mara nyingi hupita kilomita 150,000 kabla majivu hayajawa tatizo.

Kwa hiyo ukiambiwa kichujio kimeziba, uliza kwanza: kimeziba kwa masizi au kwa majivu? Masizi huchomwa. Majivu huoshwa kwa mashine, au kichujio hubadilishwa.

Masharti ya kujichoma

Kompyuta haichomi ovyo. Magari hutofautiana, ila masharti yanayojirudia ni haya:

- Injini iwe imepata joto lake la kazi.
- Tangi liwe na dizeli ya kutosha. Magari mengi hukataa kujichoma mafuta yakiwa chini ya robo tangi.
- Pasiwe na taa ya injini iliyowaka kwa kosa jingine. Sensa moja mbovu inaweza kuzuia kazi nzima.
- Gari liendelee kutembea kwa muda wa kutosha.

Sharti la kwanza ndilo linalovunjwa zaidi kwetu. Gari likichemsha, fundi wa mtaani huing'oa themostati na kumwambia mwenye gari kwamba nchi zetu ni za joto, haihitajiki. Kwenye 1HZ utaona tu mshale wa joto umelala chini. Kwenye dizeli yenye kichujio, injini isiyofikia joto lake haipewi ruhusa ya kujichoma, na wakati huohuo dizeli isiyoungua vizuri huongeza masizi. Themostati iliyokwama wazi huleta matokeo hayohayo. Kama gari lako linasumbua kichujio, ipime themostati kabla ya kununua dawa yoyote. Na rejeta ijazwe kulanti iliyoelekezwa na mtengenezaji, si maji ya bomba.

Kawaida ya kujaza dizeli ya elfu kumi kumi nayo ina gharama yake hapa. Mshale ukiishi kwenye mstari mwekundu, gari halitajichoma hata ukiliendesha hadi Dodoma. Jizoeze kujaza mshale ungali juu ya robo.

Kuendesha

Gari la foleni pekee ndilo linaloumia. Anayetoka Mbezi hadi Posta asubuhi na kurudi jioni hutumia muda mwingi amesimama, ekzosi ikiwa baridi, masizi yakijilimbikiza. Ndivyo ilivyo kwa anayepeleka watoto shule Kilimani kisha akaenda sokoni akarudi nyumbani.

Dawa yake ni safari ya mfululizo, angalau mara moja kwa wiki: dakika 30 hivi bila kusimamasimama, injini ikiwa imepata joto. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kuelekea Kibaha hadi Chalinze alfajiri, kabla malori hayajajaa. Wa Nairobi ana Barabara ya Thika au njia ya Naivasha. Huhitaji kukimbiza gari wala kugombana na trafiki. Kinachotakiwa ni ekzosi kupata joto na kulishika, kwa hiyo ukiwa kwenye kikomo cha kilomita 50 au 80 tumia gia ya chini kidogo ili injini izunguke kati ya raundi 2,000 na 2,500 kwa dakika. Kitabu cha Mazda chenyewe, taa ya kichujio ikiwaka, kinataka uendeshe kwa kilomita 20 kwa saa au zaidi kwa dakika 15 hadi 20 injini ikishapata joto. Mwendo mfululizo ndio muhimu.

Jifunze pia kutambua gari linapojichoma. Raundi za injini iliyosimama huwa juu kuliko kawaida. Mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani huacha kufanya kazi. Matumizi ya mafuta ya papo hapo hupanda. Feni huzunguka kwa nguvu, pengine hata baada ya kuzima gari, na chini ya gari husikika harufu ya chuma cha moto. Ukiona hivyo karibu na nyumbani, usizime. Zunguka mtaa dakika kumi zaidi mpaka hali irudi kuwa ya kawaida. Ukizima katikati, kazi imekatizwa na itaanza upya siku nyingine, huku dizeli iliyokwishanyunyizwa ikiwa imeshaingia kwenye oili.

Gari zima hujichoma kila baada ya kilomita mia kadhaa. Likianza kujichoma kila baada ya kilomita chini ya mia, kuna kinachotoa masizi mengi mno, au majivu yamejaa. Hiyo ni dalili ya mapema kuliko taa yoyote.

Na usiegeshe juu ya nyasi kavu gari likiwa limetoka kujichoma. Ekzosi ya joto hilo inaweza kuwasha moto.

Oili

Hapa ndipo pesa ndogo inapookoa kubwa. Oili nyingi za dizeli kwenye rafu za maduka yetu, zile nzito za 15W-40 zenye alama ya CI-4 na za nyuma yake, zilitungwa kwa injini zisizo na kichujio. Zina majivu mengi. Injini yenye kichujio inataka oili yenye majivu machache, na alama zake huandikwa nyuma ya galoni:

- JASO DL-1, kwa magari madogo ya Kijapani. Kikomo chake cha majivu ni asilimia 0.6.
- ACEA C3, C2 au nyingine za kundi la C, kwa magari mengi ya Ulaya na baadhi ya ya Kijapani. C3 haizidi asilimia 0.8.
- API CJ-4 au CK-4, na JASO DH-2, kwa injini za malori na mabasi yenye kichujio.

Soma kitabu cha gari kwanza, kisha alama ya galoni. Namba ya uzito kama 5W-30 peke yake haikuambii chochote kuhusu majivu. Oili mbili za 5W-30 zinaweza kuwa moja inafaa na nyingine haifai. Nunua kwenye duka la wakala, kwa sababu galoni bandia ni nyingi, na ukimwaga oili usimwache fundi aondoke na galoni tupu lenye kifuniko chake.

Jambo la pili ni kipimo cha oili kupanda. Katika injini ya zamani ulikuwa na wasiwasi ikipungua. Katika hizi, ogopa pia ikiongezeka. Dizeli inayonyunyizwa wakati wa kujichoma huteremka kidogo kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Gari likikatizwa mara kwa mara, oili hujaa dizeli, huwa nyepesi, na haikingi tena beringi wala turbo. Mazda imeweka alama ya X kwenye kijiti cha kupimia, juu ya alama ya kujaa. Oili ikikaribia X, imwagwe hata kama kilomita za sevisi hazijafika. Kwa gari lolote la aina hii, pima angalau mara moja kila wiki mbili, asubuhi injini ikiwa baridi, na nusa kijiti. Harufu kali ya dizeli ni onyo.

Kwa matumizi ya mjini, joto na vumbi, mimi hushauri kumwaga oili kila kilomita 5,000 hadi 7,500, hata kama kitabu cha Ulaya kinaruhusu zaidi.

Dizeli

Salfa ni adui wa kichocheo kilicho mbele ya kichujio. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, kutoka 500. Japani na Ulaya hutumia isiyozidi 10. Dizeli yetu inatosha kukifanya kichujio kiishi, lakini haiachi nafasi kubwa ya kuongeza makosa mengine juu yake.

Kosa kubwa ni kununua mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli hupunguza ulainishaji wa pampu na nozeli, na nozeli iliyochoka humwaga badala ya kunyunyiza, ndipo masizi yanapozaliwa. Serikali zetu hupambana na mchezo huo: Tanzania huweka vinasaba kwenye mafuta, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili mchanganyiko usiwe na faida. Wewe nawe nunua kwenye vituo vinavyouza mafuta mengi kila siku, epuka dizeli ya madumu njiani, na badilisha filta ya dizeli kwa wakati. Maji yaliyokusanyika chini ya filta yamwagwe.

Wanaotengeneza masizi

Kichujio hupokea kilichotengenezwa mbele yake. Ukikuta kinajaa haraka, pitia orodha hii kabla ya kukigusa chenyewe.

Chujio la hewa. Kwenye barabara za vumbi huziba mapema. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote.

Mipira ya hewa ya turbo. Mpira uliopasuka huvujisha hewa iliyokwisha kupimwa, na kompyuta hunyunyiza mafuta ya hewa ambayo haikufika. Dalili yake ni gari kuwa zito na mlio wa upepo ukikanyaga.

Valvu ya EGR na njia za hewa. Valvu hii hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza gesi za naitrojeni. Mchanganyiko wa moshi na mvuke wa oili huacha tabaka gumu jeusi ndani ya bomba la hewa. Kwenye Mazda za dizeli zilizotembea sana mjini, tabaka hilo huweza kupunguza nafasi ya hewa kupita, na kulikwangua ni kazi ya kufungua injini juu, si ya kupuliza dawa.

Nozeli. Zipimwe kwa mashine ya nozeli, si kwa kusikiliza mlio. Washa za shaba chini yake nazo zikivuja, moshi wa silinda hupenya kwenye oili na kuijaza kaboni.

Turbo. Ikivuja oili upande wa ekzosi, oili hiyo yote huishia kwenye kichujio, masizi na majivu kwa pamoja.

Taa ikiwaka

Taa ya kichujio ikiwaka bila kupepesa, na gari bado linavuta, kwa kawaida linakuomba nafasi ya kujichoma. Angalia mafuta yako juu ya robo, angalia kipimo cha oili hakijapita alama ya kujaa, kisha toka uende safari ya mfululizo. Mara nyingi huzimika.

Ikianza kupepesa, au taa ya injini ikiungana nayo, au gari likijibana na kukataa kupanda raundi, umeshapita hatua hiyo. Usiendelee kulikanyaga ukidhani litafunguka. Kichujio kilichojaa masizi kupita kiasi kikishika moto chenyewe kinaweza kupata joto la kupasua au kuyeyusha kauri, na hapo hakuna cha kuosha tena. Lipeleke kwa fundi mwenye mashine.

Gereji

Mashine ya kusoma makosa hutoa namba, na namba ni mwanzo wa uchunguzi tu. P2463 husema masizi yamejaa. P2002 husema kichujio hakichuji inavyotakiwa, yaani huenda kimepasuka. P2453 huelekeza kwenye sensa inayopima tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya kichujio. Fundi anayefuta namba na kukurudishia funguo hajafanya kazi.

Mwombe akuonyeshe mambo matatu kwenye skrini.

Kwanza, usomaji wa sensa ya mgandamizo swichi ikiwa imewashwa na injini haijawashwa. Hakuna moshi unaopita, kwa hiyo lazima usome sifuri au karibu na sifuri. Usomaji usipokuwa hivyo, sensa ni mbovu au vijibomba vyake vimepasuka au kuziba. Vijibomba hivyo hubadilishwa kwa gharama ndogo, na vichujio vingi vizima vimewahi kuhukumiwa kwa kosa lao.

Pili, usomaji huo injini ikiwa inaunguruma, kisha ikiwa kwenye raundi 2,500. Kikiwa safi, namba huwa ndogo na hupanda kidogo. Ikiruka juu sana, njia imebana.

Tatu, umbali tangu gari lilipojichoma mara ya mwisho, na joto la maji ya injini.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Kama ni masizi na kiwango chake hakijapita mpaka wa mtengenezaji, fundi anaweza kuliagiza gari lijichome likiwa limesimama. Hiyo hufanyika nje, juu ya zege, mbali na majani, magunia na paa la turubai, mtu akisimamia mpaka mwisho. Baadaye oili imwagwe, kwa sababu imeshachanganyika na dizeli.

Kama ni majivu, kichujio kifunguliwe na kuoshwa kwenye mashine yake, maji na hewa vikipita kutoka upande wa kutokea moshi kuelekea upande wa kuingilia, kisha kikaushwe kabisa. Kataa kuoshewa kwa asidi au kwa mashine ya kuoshea magari inayolenga kauri kwa karibu. Asidi hula tabaka la kichocheo na maji ya nguvu huvunja kuta. Kipimwe mgandamizo kabla na baada, upewe namba zote mbili.

Dawa za kumimina tangini zinaweza kusaidia masizi kuungua kwa joto la chini kidogo. Haziondoi majivu, na haziponyi nozeli.

Kukikata

Utashauriwa ukikate. Fundi atakwambia atakitoboa, atachomelea, na gari litaruka kama mpya. Yapo mambo asiyokwambia. Akitoa kauri bila kuibadili programu ya kompyuta ipasavyo, gari litaendelea kujaribu kujichoma, likimwaga dizeli ambayo haina pa kufanyia kazi, na oili ikiendelea kujaa. Chanzo cha masizi kitabaki palepale, ila sasa masizi yatatoka nje, mbele ya pua za wanaokufuata kwenye foleni na za watoto wako wakicheza uani. Siku ya kuuza, mnunuzi anayejua atapunguza bei. Na nchi zinakaza kamba: Uingereza, tangu Februari 2014, gari ambalo kichujio chake kiliwekwa kiwandani na sasa hakipo hushindwa ukaguzi wa kila mwaka.

Gari lenye urea

Prado na Hiace za dizeli za Kijapani za miaka ya karibuni, Mercedes nyingi na malori mapya yana tangi la pili lenye kifuniko cha buluu. Humo huingia mchanganyiko wa urea asilimia 32.5 na maji yaliyosafishwa, unaouzwa kwa jina la AdBlue. Hupulizwa kwenye ekzosi kuvunja gesi za naitrojeni.

Usiuache uishe: kompyuta itakuonya kwa kilomita zilizobaki, na ukiumaliza kabisa injini inaweza kukataa kuwaka tena ukishaizima. Nunua dumu lililofungwa lenye alama ya ISO 22241 na tarehe ya karibu, kwa sababu joto huuharibu mchanganyiko ukikaa stoo kwa muda mrefu. Usikubali mtu akuchanganyie mbolea ya urea na maji. Mbolea ina viambato vinavyoziba pampu na kuua kichocheo. Na hakikisha kijana wa kituo hamimini dizeli humo. Ikitokea, usiwashe hata swichi. Tangi lishushwe na kusafishwa.

Kabla ya kununua

Ingiza kidole kwenye mdomo wa ekzosi ikiwa baridi. Gari lenye kichujio kizima hutoa kidole kikiwa kikavu na karibu safi. Masizi mazito meusi yana maana kwamba kichujio kimepasuka au hakipo. Kagua kopo lake chini: alama za kuchomelea ambazo si za kiwandani zinajieleza zenyewe. Chomoa kijiti cha oili. Kwa gari la Uingereza, historia yake ya ukaguzi wa kila mwaka husomeka bure mtandaoni kwa namba ya gari. Isome kabla ya kulipa. Kisha lipime kwa mashine na kuliendesha nusu saa, si kuzunguka yadi.

Na jiulize kwa uaminifu: maisha yako yanalipa gari hili safari? Kama kila siku ni kilomita tano za foleni na hutoki mjini, nunua la petroli. Hakuna fundi atakayekutatulia hilo baadaye.

Ratiba

- Kila wiki: safari moja ya mfululizo ya nusu saa, mafuta juu ya robo tangi.
- Kila wiki mbili: kipimo cha oili, kupanda na kushuka, kulanti, urea kama ipo.
- Kila kilomita 5,000 hadi 7,500: oili yenye alama sahihi, filta yake, na kukagua chujio la hewa.
- Kwa muda uliowekwa na kitabu, na mapema zaidi penye shaka ya mafuta: filta ya dizeli.
- Mara moja kwa mwaka: kusoma mashine, hata taa isipowaka. Andika usomaji wa mgandamizo na umbali kati ya kujichoma, ulinganishe na wa mwaka uliopita.
- Kilomita 100,000 na kuendelea: kupima nozeli, kukagua turbo, kukwangua njia za hewa kama zimebana.

Daftari la namba hizo liishi kwenye droo ya gari. Siku fundi mpya atakapokwambia kichujio kimekufa, mfungulie ukurasa na umwombe akuonyeshe ni namba gani imebadilika, na ni nini mbele ya kichujio kilichoibadilisha. Akikosa jibu la swali la pili, usimlipe kwa la kwanza.